Mwezi Mmoja na Riwaya Nne za Adam Shafi

Mazungumzo haya yanahusu tathmini ya usomaji wa mwezi mzima, yaani ile kazi ya msomaji kukaa chini mwishoni mwa mwezi, kuvirudia vitabu alivyovisoma kwa kumbukumbu na kwa maandishi, na kujiuliza vimemfikisha wapi. Ni kazi ambayo wasomaji wengi huikwepa, ama kwa kudhani kuwa kitabu kikishafungwa kimekwisha, ama kwa kuigeuza iwe hesabu tupu ya vitabu vilivyomalizwa. Hesabu hiyo ina faida yake, kwa kuwa humsaidia mtu kujenga mazoea, lakini haisemi lolote kuhusu kilichosomwa. Ni sawa na mgeni anayehesabu sahani za karamu bila ya kusema alichokula. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya mwezi wa kusoma imo katika uhusiano wa vitabu vyenyewe, kwa sababu vitabu vilivyochaguliwa kwa makusudi na kusomwa kwa kufuatana huonyesha jambo ambalo hakuna hata kimoja kati yake kinacholisema peke yake.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huuita uhusiano wa namna hiyo mwingilianomatini, istilahi inayomaanisha hali ya maandishi fulani kuyaitikia, kuyapinga au kuyajazia pengo maandishi mengine, hata kama mwandishi hakukusudia. Msomaji wa kawaida, anayesoma jioni baada ya kazi, hana haja ya kuikariri istilahi hiyo, lakini anaihitaji maana yake, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha mwezi wa kusoma na mkusanyiko wa jioni zilizopita. Ili hoja isibaki hewani, mazungumzo haya yanachukua mfano mmoja: mwezi wa wiki nne uliotengwa kwa riwaya nne za Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye baadhi ya vitabu vyake vimechapishwa kwa jina la Shafi Adam Shafi. Riwaya hizo ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, Kuli ya mwaka 1979, Vuta n'kuvute ya mwaka 1999 na Haini ya mwaka 2003.

Mpango kama huu unamkabili msomaji na uamuzi hata kabla ya ukurasa wa kwanza, nao ni uamuzi wa mfuatano. Kila riwaya ya kihistoria, yaani riwaya inayojengwa juu ya matukio yaliyowahi kutokea, ina nyakati mbili: wakati wa kisa, ambao ni wakati wanamoishi wahusika, na wakati wa uchapishaji, ambao ni wakati kitabu kilipowafikia wasomaji wake wa kwanza. Riwaya hizi nne zikipangwa kwa wakati wa kisa, Kuli inatangulia, ikifuatwa na Vuta n'kuvute, kisha Kasri ya Mwinyi Fuad, na Haini inakuja mwisho. Zikipangwa kwa wakati wa uchapishaji, Kasri ndiyo inayofungua njia. Inafaa kuanza na mpangilio wa kwanza, kwa kuwa unampa msomaji historia ya visiwa katika mstari mmoja, kisha mwisho wa mwezi kuupindua mpangilio huo na kuona kinachobadilika.

Wiki ya kwanza, basi, ni ya Kuli. Riwaya hii inamfuata Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini anayejikuta akiingia katika kazi ileile iliyommaliza baba yake, na kupitia kwake inaonyesha jinsi watu waliokuwa wakibeba shehena za meli kwa migongo yao walivyofikia hatua ya kugoma. Mgomo huo si wa kubuni. Mwaka 1948, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Septemba, wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar waliacha kazi wakidai nyongeza ya ujira, na mgomo wao ukasambaa mjini hadi ukawa mgomo wa jumla, yaani mgomo wa wafanyakazi wa sekta nyingi kwa pamoja. Sababu yake kubwa ilikuwa ugumu wa maisha wa miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, ambapo bei za vyakula, vingi vikiwa vya kuagizwa kutoka nje, zilipanda huku ujira ukiachwa nyuma. Mwanahistoria Anthony Clayton alichapisha utafiti juu ya mgomo huo mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya riwaya, na msomaji atakayeviweka vitabu hivyo viwili pamoja ataona mgawanyo wa kazi baina ya historia na fasihi: mwanahistoria anaeleza mgomo ulianzaje na serikali ya kikoloni iliukabili vipi, ilhali mwandishi wa riwaya anaeleza uzito wa gunia begani mwa mtu asiye na chakula cha jioni nyumbani kwake.

Jambo la kuandikwa katika shajara wiki hiyo, yaani katika daftari ambamo msomaji huweka kumbukumbu zake za kila siku, ni kwamba nguvu ya Kuli imo katika wingi wa watu wake. Rashidi ni mhusika mkuu, lakini hashindi wala hashindwi peke yake; uelewa wake unakua katika mazungumzo na wenzake, na gharama anayoilipa ya kifungo inatokana na jambo lililofanywa na wengi. Wahakiki wamezoea kuziweka riwaya za namna hii chini ya mkabala wa uhalisia wa kijamaa, unaoitazama jamii kama uwanja wa mapambano ya matabaka na unaomtaka mwandishi aonyeshe wanyonge wakielekea kwenye ukombozi wao. Mkabala huo una nguvu zake na mipaka yake, na msomaji wa mwezi mzima ana nafasi nzuri ya kuvipima vyote viwili, kwa kuwa wiki inayofuata mwandishi yuleyule anaonekana akiandika kwa namna nyingine.

Vuta n'kuvute inasogea hadi miaka ya 1950, kipindi ambacho wazee wa Unguja na Pemba hukiita zama za siasa, uchaguzi wa kwanza ukiwa umefanyika mwaka 1957 na vyama vikivutana hadi majumbani. Hapa mlango wa kuingilia si bandari bali ni ndoa: Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali, naye anaikimbia ndoa hiyo na kupata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma upande wa Ng'ambo, sehemu ya mji walikoishi watu wengi wa kipato cha chini, nje ya Mji Mkongwe. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayeshiriki na wenzake kusambaza magazeti na vitabu vilivyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni, huku polisi wakimwandama. Mapenzi ya wawili hao yanavuka mipaka ya rangi na dini ambayo jamii yao iliilinda kwa ukali, na kwa hiyo siasa katika riwaya hii inaingia chumbani na jikoni badala ya kubaki kwenye mikutano ya hadhara.

Wasomaji wengi wa Tanzania waliifahamu Vuta n'kuvute wakiwa kidato cha tano na cha sita, ambako ilisomwa kwa ajili ya mtihani, na wengine wameifahamu kupitia filamu ya Amil Shivji iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la Toronto. Njia zote mbili ni halali, lakini kila moja ina hasara yake. Mtihani humzoesha mwanafunzi kuikata riwaya vipande vya dhamira, wahusika na mtindo, kila kipande kikiwa na majibu yake, hadi anasahau kuwa vipande hivyo viliwahi kuwa hadithi moja. Filamu nayo, kwa kuwa ina muda mfupi, hulazimika kuchagua. Kuirudia riwaya hiyo kwa hiari baada ya miaka mingi, tena baada ya Kuli, kunamrudishia msomaji swali ambalo mtihani hauulizi: kwa nini mwandishi aliyeanza na umati wa makuli alihitaji, miaka ishirini baadaye, kuusimulia ukoloni kwa jicho la binti mmoja anayetaka kuamua mwenyewe ampende nani?

Wiki ya tatu inamfikisha msomaji kwenye Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya iliyotafsiriwa pia kwa Kifaransa, na inayotoka mjini kwenda kwenye mashamba ya karafuu. Umwinyi, yaani mfumo ambamo watu wachache walimiliki ardhi na wengine waliishi juu yake kwa hisani na kwa kazi, ndio unaosimama katikati ya kisa, ukiwakilishwa na Fuad ndani ya kasri yake na Kijakazi, mtumishi wake. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yaliyotokea mwezi mmoja tu na siku chache baada ya uhuru wa Desemba 10, 1963, yanauvunja mfumo huo, na ardhi inatwaliwa. Katika historia yenyewe, sera ya ugawaji iliyofuata ilijulikana kwa jina la eka tatu, kwa kuwa kila familia iliyogaiwa ilipata kiasi hicho. Hata hivyo, sehemu yenye uzito zaidi katika riwaya haimo katika kuanguka kwa bwana, bali imo katika uzito wa mtumishi kuamini kwamba bwana ameanguka. Utiifu wa Kijakazi unachelewa kufa kuliko mfumo uliouzaa, na hapo mwandishi, ingawa bado yumo ndani ya uhalisia wa kijamaa, anagusa jambo ambalo maazimio ya kisiasa hayawezi kuliondoa kwa siku moja.

Haini ndiyo inayofunga mwezi. Neno lenyewe ni la kisheria, likimtaja mtu aliyeisaliti nchi yake, na kisa kinaegemea kipindi cha baada ya tarehe 7 Aprili 1972, siku aliyouawa Rais wa kwanza wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, ambapo watu wengi walikamatwa na kesi ya uhaini ikafuata. Hamza, mhusika mkuu, anaingia katika ulimwengu wa kizuizini, yaani hali ya kushikiliwa bila ya hukumu na bila ya kujua mwisho wake, akihojiwa na kuteswa ili akiri yale wanayotaka kuyasikia wanaomhoji. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya mauaji hayo, kwa hiyo riwaya hii inasimama karibu sana na ushahidi, ingawa inabaki kuwa riwaya na inapaswa kusomwa hivyo.

Vitabu vinne vikishasomwa, ndipo tathmini inapoanza kwa maana yake kamili, na jambo la kwanza linalojitokeza ni jela. Rashidi anafungwa, Denge anakamatwa na kutiwa ndani, Hamza anateswa kizuizini. Riwaya tatu kati ya nne zinampeleka mhusika wake nyuma ya kuta, tofauti ikiwa ni mshika ufunguo. Katika Kuli na Vuta n'kuvute ufunguo uko mikononi mwa serikali ya kikoloni, na kwa hiyo msomaji anaingia jela pamoja na mhusika akiwa na matumaini, akiamini kwamba siku ya ukombozi itaifungua. Katika Haini siku hiyo imekwishapita, ufunguo uko mikononi mwa waliokomboa, na matumaini ya aina ile hayana pa kusimama. Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyo katikati kwa wakati wa kisa, ndiyo pekee ambayo kitovu chake ni jumba la bwana badala ya jela, na ndiyo pekee inayosimulia ushindi. Mstari huu kutoka bandarini hadi seli, na kutoka kwenye umati hadi kwa mtu mmoja aliyetengwa na wenzake, haukuandikwa katika kitabu chochote kati ya hivyo. Unaonekana kwa msomaji aliyevisoma kwa kufuatana na akajipa muda wa kutazama nyuma.

Jambo la pili linajitokeza pale mpangilio unapopinduliwa na riwaya kuwekwa kwa wakati wa uchapishaji. Hapo msomaji anaona kwamba mwandishi aliyewahi kuwekwa kizuizini mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha kwanza riwaya ya ushindi wa Mapinduzi, kisha riwaya ya mgomo dhidi ya wakoloni, na kwamba riwaya ya jela ya baada ya Mapinduzi haikutoka hadi mwaka 2003. Baina ya vitabu hivyo mazingira ya uchapishaji nayo yalibadilika. Kasri na Kuli zilitolewa na Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoongozwa na Walter Bgoya, katika enzi za chama kimoja. Vuta n'kuvute ilitolewa na Mkuki na Nyota, kampuni binafsi aliyoianzisha Bgoya huyohuyo mwaka 1991, baada ya kuondoka katika shirika hilo. Na Haini ilitolewa na Longhorn ya Nairobi, zaidi ya miaka kumi baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea Tanzania mwaka 1992. Tathmini ya uangalifu haitakimbilia kusema kwamba mwandishi alinyamaza kwa woga, wala kwamba alibadili imani, kwa kuwa tarehe ya kuchapishwa si tarehe ya kufikiriwa. Itakachosema ni kwamba kuna mambo ambayo jamii huchukua miongo mitatu kuyafikisha kwenye kurasa za riwaya, na kwamba msomaji wa mwaka 1978 alikuwa na nusu tu ya picha aliyonayo msomaji wa leo.

Faida ya mwezi haikomei kwa mwandishi mmoja. Mwaka 2001, miaka miwili kabla ya Haini, Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka uleule wa mgomo wa bandari na aliyetunukiwa Nobeli ya fasihi mwaka 2021, alichapisha kwa Kiingereza riwaya ya By the Sea, ambamo mzee aitwaye Saleh Omar anawasili Uingereza kuomba hifadhi akitumia jina la mtu mwingine, huku nyuma yake ikiwa imeachwa miaka mingi ya kifungo nyumbani baada ya uhuru. Waandishi wawili wa kisiwa kimoja, mmoja akiwa amebaki katika Kiswahili na mwingine akiwa amehamia Kiingereza na ugenini, walilifikia jeraha hilohilo karibu wakati mmoja. Tofauti yao ni ya umbali: Hamza anasimuliwa akiwa ndani ya seli, ilhali Saleh Omar anaikumbuka seli yake akiwa kando ya bahari ya watu wengine. Msomaji asiyesoma Kiingereza anaweza kuanza kumfahamu Gurnah kwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise, iliyotolewa mwaka 2022, ingawa hiyo inahusu zama za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tathmini inayofaa huuliza pia ni sauti zipi hazikusikika. Katika mwezi huu wa mfano, mashamba yametazamwa zaidi kwa jicho la waliofanyishwa kazi, jambo ambalo ni haki baada ya karne ya kumbukumbu zilizoandikwa na wenye nguvu. Lakini msomaji anayetaka kujua jinsi wakaazi wa majumba ya kifalme walivyojiona atalazimika kuitafuta tawasifu ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na kuisoma kwa tahadhari, kwa kuwa bibi huyo aliutetea utumwa ambao ulimzunguka tangu utotoni. Vilevile, wanawake wamo katika riwaya zote nne, na Yasmin na Kijakazi ni miongoni mwa wahusika wasiosahaulika, lakini wote wameandikwa na mwanamume mmoja. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, ingeongeza kisa cha binti anayenyimwa haki katika nyumba ya baba yake mwenye mashamba, ijapokuwa nayo haiondoi pengo la waandishi wanawake. Kulitaja pengo kama hili katika shajara kunaupa mwezi unaofuata dira yake, kwa kuwa orodha mpya inatokana na swali lililobaki, wala haitegemei sifa za kitabu kinachozungumzwa zaidi kwa wakati huo.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba mpango wa namna hii unaondoa raha ya kusoma, kwa kumfanya mtu mzima awe mwanafunzi tena. Jibu lake ni kwamba raha ya kusoma ina daraja zake, na kugundua kuwa vitabu viwili vinabishana ni raha ambayo kitabu kimoja hakiwezi kuitoa. La pili lina uzito zaidi, nalo ni kwamba vitabu vina bei, na si kila mtu anaweza kununua vinne kwa mwezi. Pingamizi hili haliondolewi kwa maneno matamu, lakini linapunguzwa na ukweli kwamba njia iliyoelezwa hapa haidai wingi. Vitabu viwili vya kuazima maktaba, au kwa rafiki, vinatosha kuanzisha mazungumzo baina yao, na kikundi cha wasomaji wanne wenye kitabu kimoja kimoja kinaweza kuvizungusha kwa wiki nne hadi kila mmoja awe amevisoma vyote.

Kwa hiyo rai inayotolewa kwa msikilizaji ni nyepesi kutekelezwa. Mwezi ukianza, na achague vitabu vichache vinavyogusa mahali pamoja, kipindi kimoja au mwandishi mmoja, na ajue mapema atavisoma kwa mfuatano upi na kwa nini. Mwezi ukiisha, na aandike ukurasa mmoja tu wenye majibu ya maswali manne: vitabu hivi vinakubaliana wapi, vinapingana wapi, vilichapishwa lini na katika mazingira gani, na ni nani hakupewa nafasi ya kusema. Asiye na jibu la swali hata moja kati ya hayo amevimaliza vitabu lakini bado hajavisoma, na dawa yake si kuongeza kitabu cha tano, bali ni kuvirudia vile vinne.